Meya wa jiji: kwa nini jina lake hulioni kwenye karatasi ya kura?

Siku ya uchaguzi mkuu Tanzania Bara, mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haipo. Basi meya anatoka wapi?

Diwani ndiye anayekuchagulia

Baada ya uchaguzi, madiwani wa kata na wa viti maalumu hukutana kwenye kikao cha kwanza cha baraza. Wao, pamoja na wabunge walio wajumbe wa baraza, humpigia kura mmoja wa madiwani awe meya. Naibu meya huchaguliwa kila mwaka.

Kwa hiyo chama chenye madiwani wengi ndicho chenye nafasi kubwa ya kutoa meya. Ukimchagua diwani kwa mazoea tu, na kura yako ya meya imekwenda hivyo hivyo.

Kura chache, vita kubwa

Mwaka 2016 uchaguzi wa meya wa Dar es Salaam uliahirishwa mara kadhaa kwa mvutano, ukiwemo wa nani hasa ana haki ya kupiga kura. Machi mwaka huo Isaya Mwita wa Chadema akashinda. Januari 2020 akang'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, hatua aliyoipinga.

Na mkurugenzi je?

Huyu hapigiwi kura na yeyote. Anateuliwa na Rais. Ndiye bosi wa watumishi, msimamizi wa fedha za halmashauri na katibu wa baraza. Meya anaongoza vikao vinavyopitisha bajeti. Mkurugenzi ndiye anayeitekeleza.

Takataka zisipozolewa mtaani kwako, uliza kwanza: bajeti haikupitishwa, au ilipitishwa ikakwama ofisini?

Dar es Salaam, angalia unakoishi

Februari 2021 Rais John Magufuli alilivunja Jiji la Dar es Salaam la zamani na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Hivyo mkazi wa Kariakoo au Buguruni yuko chini ya meya wa jiji. Wa Sinza ana meya wa Manispaa ya Ubungo, na wa Mbagala ana wa Temeke.

Popote ulipo, mlango wa kuanzia ni mmoja: diwani wa kata yako. Unamjua?