Ukiitwa Mahakamani kwa Deni

Wazee husema, "Dawa ya deni ni kulipa." Ni kweli, lakini si kila anayedai ana haki ya kupewa yote anayodai.

Huku kwetu Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, wavuvi wengi huchukua nyavu kwa mkopo wakitumaini kulipa kwa samaki. Tangu Desemba hadi Februari serikali hufunga uvuvi, lakini deni halifungwi. Samansi ikifika, wengine huvuka kwenda Kongo, wengine hunyamaza. Wote wanajiponza, kwa maana asiyejibu aweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na mtumbwi wake ukauzwa.

Yapasa kwenda siku iliyotajwa na kujiuliza mambo manne.

Kwanza, je, deni ni langu, na hesabu ni sawa? Mjomba wangu alidaiwa bei nzima ya nyavu, hali alikwisha lipa zaidi ya nusu. Alionyesha stakabadhi zake, na hakimu akaamuru alipe baki tu.

Pili, je, yako maandishi? Sheria ya Zambia yataka mwenye biashara ya kukopesha fedha awe na leseni, na mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi na mkopaji. Watoao kaloba wengi hawana hata kimoja.

Tatu, deni ni la lini? Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1939, itumikayo Zambia pia, deni la mapatano ya kawaida hudaiwa mahakamani kabla ya miaka 6 kupita. Lakini mdaiwa lazima aitaje sheria hiyo mwenyewe. Tena akilipa kidogo, au akikiri deni kwa barua kabla muda haujaisha, miaka huanza kuhesabiwa upya.

Nne, kama deni ni la haki lakini fedha hazipo, aombe kulipa kidogo kidogo. Asitishwe na maneno ya jela: Zambia ilikubali mwaka 1984 mapatano ya Umoja wa Mataifa yasemayo kuwa mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba.

Wazazi wetu wengi huweka alama ya kidole katika karatasi wasiyoweza kuisoma. Sisi tujuao kusoma tuwasomee kabla ya kidole kuguswa wino, na kila stakabadhi tuitunze mahali pakavu.