Ramani ya kompyuta na ardhi ya Mvita: nani anapanga uzito?

Kila linapotajwa jengo jipya la ghorofa karibu na Mji wa Kale, mjadala huwa ni ule ule. Mwenye kiwanja husema ardhi ni yake na mji unahitaji nyumba. Majirani husema kisima kitaharibika, upepo utazibwa na sura ya mtaa itapotea. Siku hizi kuna mgeni wa tatu barazani, nayo ni ramani ya kompyuta yenye rangi ya kijani, manjano na nyekundu, inayoonyesha wapi panafaa kujengwa na wapi hapafai. Ni vyema sisi wenyeji tujue ramani hiyo inapikwa vipi, maana ikishapigwa muhuri huwa vigumu kuipinga.

Chombo chenyewe huitwa mfumo wa taarifa za kijiografia, au GIS. Chukua karatasi kadhaa zinazopitisha mwanga. Ya kwanza ichore barabara, ya pili mwinuko wa ardhi, ya tatu visima na mashimo ya maji taka, ya nne majengo ya kale. Zipange moja juu ya nyingine, utaona mambo ambayo ramani moja haikuonyeshi. Ian McHarg, msanifu wa mandhari aliyezaliwa Scotland na kufanya kazi Marekani, aliieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1969. Kompyuta leo inafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka, na kuna programu kama QGIS ambazo hazilipiwi hata senti.

Tatizo haliko kwenye kompyuta. Liko kwenye hesabu inayofuata. Kila tabaka hupewa alama, tuseme 1 hadi 5, kisha hupewa uzito kulingana na umuhimu wake. Tuchukue kiwanja cha kubuni hapa kisiwani. Kiko karibu na barabara, alama 5. Ni tambarare, alama 5. Kimezungukwa na visima vya majirani, alama 2. Kinapakana na nyumba za kale, alama 1. Mpangaji akizipa barabara na utambarare asilimia 40 kila moja, na visima na turathi asilimia 10 kila moja, kiwanja kinapata 4.3. Hapo ramani inapaka kijani. Mwengine akitoa asilimia 15 kwa barabara na 15 kwa utambarare, na 35 kwa visima na 35 kwa turathi, kiwanja hicho hicho kinapata 2.55. Ardhi haikubadilika hata shubiri moja. Kilichobadilika ni maoni ya aliyeketi mbele ya kompyuta.

Kuna jambo jengine linalofichika humo. Katika hesabu hii, barabara nzuri inaweza kulipia kisima kibovu. Lakini anayekunywa maji machafu hafidiwi na lami. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye vitundu na nyufa, na maji ya mashimo ya choo hupenya hadi visimani. London mwaka 1854, daktari John Snow alitia alama kwenye ramani nyumba zilizokuwa na vifo vya kipindupindu, na alama zikakusanyika kuzunguka bomba moja la maji. Kwa hiyo baadhi ya mambo hayafai kupimwa kwa uzito. Yanafaa kuwa vizuizi, kwamba mahali hapa hapajengwi, hata alama nyengine ziwe juu vipi.

Turathi nazo zimo humo. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya Turathi za Dunia. Mawimbi yalikuwa yakila mwamba chini yake, na ukuta wa kuzuia bahari ukajengwa miaka ya karibuni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa kweli.

Tuangalie pia ubora wa vipimo. Ramani nyingi za mwinuko hutumia data za chombo cha anga za juu kilichopima dunia kwa rada mwaka 2000. Mraba mmoja wa data hizo una mita 30 kwa 30. Kule nje ya mji si neno. Lakini Ndia Kuu au Kibokoni, mraba mmoja unameza nyumba kadhaa pamoja na uchochoro wake, na rada hupima mapaa pamoja na ardhi. Ramani ya mafuriko iliyotokana na data hizo haiwezi kukwambia maji ya mvua yatasimama mlangoni kwa nani. Hapo panahitajika kupimwa kwa miguu, na wazee wa mtaa waulizwe.

Haya yote hayasemi ramani zitupwe. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333 katika sensa ya 2019, na wote wanahitaji pa kulala. Kupanga kwa macho tu ndiko kulikotuletea mitaa isiyopitika gari la zimamoto. Lakini ramani ikiletwa kwenye kikao cha wananchi, tuulize maswali matatu. Uzito wa kila tabaka ni kiasi gani na nani aliupanga? Data ni za mwaka gani na zina ukubwa gani wa mraba? Na ni mambo yapi yamewekwa kuwa vizuizi?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Ramani isiyoonyesha mstari huo wa pwani, katika mji uliozungukwa na bahari, irudishwe ikachorwe upya kabla ya kuidhinisha jengo hata moja.