Ali na Marciano: Namna ya Kupima Mabondia wa Zama Tofauti

Miongoni mwa mijadala isiyokauka katika mchezo wa ngumi ni ule wa kuwakutanisha, kwa hoja tupu, mabondia ambao miaka yao ya kuzaliwa iliwazuia kukutana ulingoni wakiwa katika ubora wao, na katika uzito wa juu, yaani daraja la mabondia wazito kuliko wote, ni vigumu kupata jozi iliyobishaniwa kuliko Muhammad Ali na Rocky Marciano. Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa ameshinda mapambano yake yote 49, na 43 kati ya hayo aliyamaliza kabla ya raundi kwisha, mpinzani akiwa ameshindwa kuendelea. Ali, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 14 akijifunza ngumi mjini Louisville, aliutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1964.

Mwaka 1967 mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, Murray Woroner, alijaribu kuumaliza ubishi wa aina hii kwa kompyuta. Maoni ya wajuzi wa ngumi kuhusu kasi, nguvu ya konde, ustahimilivu na sifa nyingine za kila bingwa yaligeuzwa kuwa tarakimu, mashine ikatoa matokeo, na matokeo hayo yakatangazwa redioni kana kwamba pambano linapigwa wakati huohuo. Katika mashindano hayo ya kompyuta Ali alitolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20, jambo lililomuudhi hata akafungua shauri mahakamani, na Marciano ndiye aliyeibuka mshindi wa jumla. Shauri lilimalizwa kwa maafikiano, na mwaka 1969 Ali na Marciano wakaingia studio moja ya Miami kuigiza pambano lao mbele ya kamera. Marciano, aliyekuwa na umri wa miaka 45, alikuwa amepunguza zaidi ya kilo 20 na kuvaa nywele za bandia. Ali, mwenye miaka 27, alikuwa amepokonywa ubingwa kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Miisho kadhaa ilirekodiwa bila wao kujua ni upi ungechaguliwa. Marciano alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti 1969, na filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, watazamaji wa Marekani walimwona Ali akiangushwa katika raundi ya 13.

Raundi hiyo ya 13 inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo raundi ambayo Marciano alimwangusha Jersey Joe Walcott na kutwaa ubingwa, mjini Philadelphia, Septemba 1952. Usiku ule Marciano aliangushwa katika raundi ya kwanza, na baada ya raundi 12 alikuwa nyuma kwa pointi katika karatasi za waamuzi wote watatu, mpaka ngumi moja fupi ya mkono wa kulia ilipomlaza Walcott kwenye kamba. Mapambano ya ubingwa wakati huo yalikuwa ya raundi 15. Yalianza kupunguzwa hadi 12 baada ya bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, kufariki kutokana na majeraha aliyoyapata katika pambano la Novemba 1982, lililofika raundi ya 14. Kwa hiyo, kama pambano la Philadelphia lingepigwa kwa kanuni za leo, Walcott angebaki bingwa na rekodi isiyo na doa ya Marciano isingekuwapo. Anayeuliza nani angeshinda bila kutaja idadi ya raundi hajauliza swali kamili.

Uzito nao unadai maelezo. Marciano alipigana akiwa na takriban kilo 84, na kwa kipimo hicho leo asingehesabiwa kuwa bondia wa uzito wa juu, kwa sababu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 limekuwapo daraja la chini yake, ambalo kikomo chake sasa ni kilo 90.7. Kumkutanisha na bondia wa zama hizi, Tyson Fury, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 110, ni kupima maumbile zaidi ya ustadi.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni la mantiki, nalo ni lile la kudhani kwamba bondia aliyemshinda mshindi wa fulani lazima amshinde na huyo fulani. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971, na Ken Norton akamshinda na kumvunja taya mwaka 1973. George Foreman aliwamaliza wote wawili ndani ya raundi mbili, Frazier akiangushwa mara sita. Kwa hesabu hiyo Ali hakuwa na lake alipopanda ulingoni Kinshasa kupambana na Foreman tarehe 30 Oktoba 1974. Lakini Frazier alikuwa akimfuata Foreman na kujipeleka mwenyewe kwenye makonde yake, ilhali Ali aliegemea kamba, akaziba uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige hadi achoke, huku akimrudishia ngumi za haraka usoni. Katika raundi ya nane Foreman alianguka. Mtindo wa mmoja huwa dawa ya mtindo wa mwingine, na hilo halisomeki katika idadi ya ushindi.

Hata mapambano halisi kati ya mabingwa wa zama mbili hayatoi ushahidi wa kutegemewa. Marciano alimwangusha Joe Louis mwaka 1951, lakini Louis alikuwa na miaka 37 na ubora wake ulikwishapita. Larry Holmes alimpiga Ali mwaka 1980 katika hali kama hiyo.

Masharti yakiwekwa wazi, basi, hukumu inawezekana. Tuseme ni Ali wa Novemba 1966, aliyemmaliza Cleveland Williams katika raundi ya tatu mjini Houston, dhidi ya Marciano wa mwaka 1952, kwa raundi 15. Marciano alipigana akiwa ameinama, akisogea karibu na kupiga bila kupumzika, na mpinzani wa namna hiyo, Frazier, alimtesa Ali kweli kweli. Lakini Frazier alimkuta Ali aliyekuwa nje ya ulingo kwa miaka zaidi ya mitatu, ambaye miguu yake haikuwa tena na wepesi wa awali. Zaidi ya hayo, Marciano alikuwa mwepesi wa kuchanika: katika pambano lake la pili na Ezzard Charles, Septemba 1954, pua yake ilipasuka vibaya kiasi kwamba alihitaji kumaliza kazi haraka, na akaimaliza katika raundi ya nane. Charles alisimama karibu naye. Ali wa 1966 asingesimama hapo, na upana wa mikono yake iliyonyooshwa ulizidi ule wa Marciano kwa sentimita zaidi ya 20. Ali angeshinda kwa pointi, au mwamuzi angelisimamisha pambano kwa sababu ya majeraha ya Marciano.