Kutu, bati na bei: biashara ya kufufua bodi za magari ya zamani Kampala

Anayefufua Peugeot 504 au Beetle ya zamani Kampala hutumia pesa nyingi kwenye bodi. Injini haisumbui sana, kwa kuwa vipuri vyake husakwa katika soko la Kisekka, vipya au vilivyotumika. Sakafu au dagadi lililoliwa na kutu ni shida nyingine: viwanda vya magari hayo viliacha kuvitengeneza zamani, na kuagiza kutoka Ulaya kunagharimu usafiri na ushuru. Kinachobaki ni mikono ya fundi.

Mikono hiyo ipo. Katwe, kusini kidogo ya katikati ya jiji, ilijipatia jina miaka ya 1970. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, bidhaa ziliadimika, na kilichokosekana dukani kilifuliwa pale. Sheria ya mwaka 2018 nayo imezuia kuingiza magari ya kawaida yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo hata mkweche uliotelekezwa nyuma ya gereji una thamani, maana mlango wake mzima unaweza kuokoa gari jingine.

Kutu huhitaji maji na hewa tu. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba huacha tope jekundu limejibana ndani ya madagadi, likaziba vitobo vya kutolea maji chini ya milango. Bati huliwa kutoka ndani. Rangi inapofanya malengelenge kwa nje, mara nyingi nyuma yake pameshatoboka.

Fundi makini huanza kwa kukata. Hukata mpaka afike kwenye chuma king'avu, hata kama tundu dogo litageuka dirisha. Huchora umbo kwenye boksi, akalihamishia kwenye bati lenye unene wa milimita 0.8 hadi 1, karibu sawa na lile la asili, kisha hulikunja kwa nyundo akilijaribisha mara kwa mara. Bati la kuezekea halifai: zinki yake ikichomelewa hutoa moshi unaoleta homa. Kuchomelea huenda kwa nukta zilizoachana, moja huku na nyingine kule, bati lipoe kati yake. Anayefululiza mstari mzima kwa gesi huliacha limejipinda, na kulinyoosha ni kazi nyingine. Mwisho ni grinda, rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, puti nyembamba, msasa, halafu rangi.

Udhaifu wa biashara hii uko kwenye malipo. Kazi nyingi hupatanwa kwa bei moja ya jumla kabla kutu haijafunuliwa. Fundi akikuta uozo zaidi kuliko alivyokadiria, kila saa ya kukata inatoka mfukoni mwake, na puti ni rahisi kuliko bati. Mteja hufurahia mng'ao siku ya kukabidhiwa. Puti iliyopakwa juu ya kutu hunyonya unyevu na kupasuka baada ya misimu michache. Fundi mwaminifu hupoteza kazi kwa sababu bei yake inaonekana kubwa.

Mwenye gari na apatane kwa hatua: alipie kwanza kukata, kisha kuchomelea, na asiruhusu puti ipakwe kabla hajaliona bati likiwa tupu.