Ngeli: paka asiye paka

Neno *ngeli* hutumika katika fani mbili, na maana zake hazilingani. Katika sarufi, wanyama wote huingia A-WA: paka amelala, mamba amelala. Katika biolojia, ngeli ni daraja lililo chini ya faila na juu ya oda; hapo paka huwekwa kwenye mamalia, mamba kwenye reptilia (watambaazi).

Mtego umo katika visukuku vya miamba ya Galula, mkoani Songwe. Mwaka 2010 mnyama mmoja wa huko aliitwa *Pakasuchus kapilimai*: *paka* ni letu, *suchus* ni mamba kwa asili ya Kigiriki, na *kapilimai* humuenzi Profesa Saidi Kapilima. Alikuwa na ukubwa wa paka wa nyumbani, na magego yake yalifanana na ya mamalia. Meno hayo hayakumfanya mamalia. Mfasiri akiandika “paka wa kale” amemhamisha ngeli nzima. Aandike “reptilia wa kale, jamaa wa mamba”.

Jina *Shingopana songwensis*, la mwaka 2017, halipotoshi: ni shingo, tena pana, ya dinosaria aliyepatikana Songwe. Kinachopotosha ni mazoea yetu ya kumwita dinosaria “mjusi mkubwa”, kama tufanyavyo kwa yule wa Tendaguru, Lindi. Mjusi ana oda yake. Dinosaria yu karibu zaidi na mamba, na karibu zaidi kuliko wote na ndege, hata kuku wa uani.