Tahadhari Si Hukumu

Mtu anapotuhumiwa kosa visiwani humu, habari zake hufika barazani kabla hazijafika mahakamani. Hakimu hajafungua jalada, lakini mara nyingi klabu yake imekwisha kumfuta, chama chake cha ushirika kimekwisha kumvua uongozi, na jirani zake wameanza kumpa kisogo. Je, ni haki kufanya hivyo?

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia mpaka hatia hiyo ithibitike. Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu uhuru wa kujumuika na wenziwe, na uhuru huo hauna maana kama mtu hawezi kuchagua wa kujumuika naye. Mahakama imefungwa na sheria ya ushahidi. Klabu ya mpira haikufungwa nayo. Hapo ndipo penye utata.

Hatudai kwamba kila chama kikae kimya hadi rufaa ya mwisho isikilizwe. Mwalimu akituhumiwa kumdhuru mtoto, shule haina budi kumweka mbali na watoto siku hiyo hiyo. Mweka hazina akituhumiwa kula fedha za wanachama, ufunguo wa sanduku na ukabidhiwe mwingine. Hiyo ni tahadhari. Lakini kumfukuza kabisa, kumtangaza mwizi na kuzuia stahili zake ni adhabu, na adhabu hutangulizwa na kusikilizwa. Wako wasemao kwamba lisemwalo lipo. Tunawakumbusha kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Aliyesikia upande mmoja hajasikia kesi.

Uzito wa kutengwa watu wa visiwa hivi wanaujua. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, hasa kisiwani Pemba, watu walisusiana madukani, harusini na hata mazikoni kwa sababu ya tofauti za vyama. Hakuna hakimu aliyetoa hukumu hiyo, wala hapakuwa na mahakama ya kuikatia rufaa. Faini hulipwa ikaisha. Kukosa wa kukuzikia maiti wako hakusahauliki.

Iko hatari nyingine iwahusuyo watumishi wa Serikali, na mfano wake bora unatoka Marekani. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la nchi hiyo iliwahoji watu wa filamu wa Hollywood kuhusu ukomunisti. Kumi kati yao walikataa kujibu, wakidai kuwa Katiba inalinda fikra zao. Tarehe 24 Novemba Bunge lilipiga kura washtakiwe kwa kulidharau. Kesho yake tu, kabla ya kesi yoyote kusikilizwa, wakuu wa makampuni ya filamu walitangaza kuwa hawatawapa kazi.

Ni kweli kwamba baadaye mahakama iliwatia hatiani. Lakini kifungo chao hakikuzidi mwaka mmoja, ilhali adhabu ya makampuni haikuwa na kipimo wala mwisho. Mwandishi Dalton Trumbo, mmoja wa kumi hao, alilazimika kuandika kwa majina ya bandia. Mwaka 1957 tuzo ya Oscar ilitolewa kwa hadithi yake chini ya jina la Robert Rich, naye hakuweza kujitokeza kuipokea. Jina lake halisi lilirudi katika filamu mwaka 1960, miaka 13 baada ya tangazo lile. Na orodha ya waliotengwa ilikwisha kuenea kwa mamia ya wengine, wengi wao bila ya kushtakiwa kwa lolote.

Funzo ni dhahiri. Dola ya Marekani haikuweza kumfunga mtu kwa kuwa mkomunisti peke yake, lakini vitisho vyake viliyafanya makampuni yamnyime riziki. Ofisa anayepiga simu kwa mwajiri au kiongozi wa klabu ili fulani aondolewe, hali hana ushahidi wa kumpeleka mahakamani, anafanya kwa mkono wa mwingine lile ambalo Katiba imemkataza kulifanya kwa mkono wake.

Kwa hiyo tunavitaka vyama vyetu viandike katika kanuni zao mambo matatu: mtuhumiwa aambiwe tuhuma zake na asikilizwe, hatua ya muda isizidi hatari iliyopo, na akionekana hana hatia, arudishwe kwa tangazo lenye sauti ile ile iliyomtoa. Nao maofisa tunawataka wapeleke ushahidi wao mahakamani, na wasiokuwa nao wawaache watu na riziki zao. Leo tuhuma ni ya jirani; kesho haijulikani itabisha hodi mlango wa nani.