Sura ya 6: Tembe ya Homa na Kibofu cha Mzee

Ifikapo Julai, ukungu ukishuka kutoka Nyandarua na Nyeri ikakaa siku kadhaa bila jua, watu huingia kemisti na ombi lilelile: "Nipe dawa ya homa, ile kali." Dawa hiyo haipo. Hakuna tembe ya kaunta inayoua virusi vya mafua. Mwili huvishinda wenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10. Amoksilini iliyobaki kwenye kabati haivigusi hata kidogo, na nimechoka kuona watu wakiimeza nusu dozi kwa ushauri wa jirani.

Tembe za mseto hutuliza dalili tu. Antihistamini ya zamani, kama klorofenamini iliyomo kwenye Piriton, hukausha makamasi. Pseudoefedrini hubana mishipa ya damu iliyovimba puani, hewa ikapata njia. Tembe nyingine zina fenilefrini badala yake, na hiyo, Septemba 2023, jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 16 kwa 0 kwamba ikimezwa kwa kipimo cha kawaida haizibui pua. Wengi hununua ukali usiokuwepo.

Nilipanga kueleza presha, usingizi na watoto, kwa mfuatano huo. Lakini siwezi kumruka mzee anayeshindwa kukojoa, maana huletwa kila msimu wa baridi, na kila mara lawama huangukia pabaya. Ameketi usiku kucha akishika tumbo. Nyumbani wanasema baridi imemfunga mkojo; mwingine anadai ametupiwa kitu. Hakuna anayetaja tembe alizomeza tangu juzi.

Sikilizeni jinsi inavyotokea. Pseudoefedrini haijui pua ni ipi. Vipokezi inavyovisisimua kwenye mishipa ya puani vipo pia kwenye shingo ya kibofu na ndani ya tezi dume, kwa hiyo misuli ya hapo nayo hukaza. Mzee mwenye tezi iliyokua tayari ana njia nyembamba. Sasa lango limebanwa zaidi. Wakati huohuo antihistamini inazuia asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli wa kibofu usukume. Dawa moja inafunga lango, nyingine inamlegeza anayesukuma. Kibofu kinajaa, na mwishowe ni mrija hospitalini. Chanzo ni duka la dawa. Mganga hana la kuagua hapo. Kwa hiyo mtu akimnunulia baba dawa ya mafua, swali la kwanza liwe: mzee anaamka mara ngapi usiku kukojoa, na mkojo unatoka kwa nguvu au kwa matone?

Presha inafuata njia hiyohiyo ya mishipa kubanwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya ana presha ya juu, na wengi hawakuwa wamewahi kupimwa. Asiyejua presha yake apimwe kwanza. Mwenye presha kali isiyodhibitiwa, au ugonjwa mkali wa figo, asiguse pseudoefedrini. Pua yake aisafishe kwa maji ya chumvi ya kemisti.

Tembe nyingi zina parasetamoli pia. Ukiongeza Panadol juu yake unaimeza mara mbili, na kikomo cha mtu mzima ni miligramu 4,000 kwa saa 24.

Mtoto asilazwe kwa Piriton ili nyumba itulie: usingizi ule ni ubongo uliozimishwa, na kwa mtoto mchanga kupumua kunaweza kuathirika. Uingereza tangu 2009 hairuhusu dawa hizi za mseto kwa walio chini ya miaka 6.

Dereva wa lori la kabeji anayetoka Karatina usiku wa manane naye aseme kazi yake kaunta kabla ya kulipa. Klorofenamini ya saa mbili usiku bado imo kichwani mwake anapoteremka Sagana, hata kama yeye anajiona yuko macho.